Shajara ya Mradi wa Namba: Darasa la Awali, Pasua, Moshi

Januari, wiki ya kwanza ya masomo

Mradi huu una lengo moja: kuwawezesha watoto wa darasa la awali katika shule ya msingi iliyopo Pasua, Manispaa ya Moshi, kutambua namba kuanzia 0 hadi 20 na kuziandika kwa mikono yao wenyewe kabla hawajaingia darasa la kwanza. Wahusika ni mwalimu wa darasa, mwalimu msaidizi anayejitolea, na mimi ninayeandika shajara hii na kusimamia utengenezaji wa zana. Elimu ya awali ni ya mwaka mmoja, na kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sisi tuna watoto zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo katika chumba kimoja, kwa hiyo zana na mazoezi yote yatakayoelezwa hapa yamepangwa kwa kuzingatia hali hiyo.

Kabla ya kufundisha chochote tulimpima kila mtoto peke yake, nje ya darasa, kwenye benchi lililo chini ya mwarobaini, kwa kazi tatu fupi. Ya kwanza ni kutaja namba kwa mfuatano mpaka akwame. Ya pili ni kutoa idadi: mbele ya mtoto kuna rundo la vizibo vya soda, naye anaambiwa, "Nipe vizibo vitatu," halafu vinne, halafu sita. Ya tatu ni kuonyeshwa kadi zenye tarakimu moja moja, bila mpangilio, na kuulizwa kila moja ni ngapi. Kazi ya pili hatukuibuni sisi. Mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, aliitumia katika tafiti alizochapisha mwaka 1990 na 1992, akaonyesha kwamba mtoto hupita kwanza kipindi cha kuelewa moja peke yake, kisha mbili, kisha tatu, hata kama mdomoni anataja hadi kumi, na kwamba baadaye tu ndipo hutambua kuwa namba inayotajwa mwisho wakati wa kuhesabu ndiyo idadi ya vitu vyote.

Yaliyojitokeza chini ya mwarobaini yalilingana na maelezo hayo. Karibu watoto wote walitaja hadi kumi, na wengi walivuka ishirini kwa mahadhi waliyotoka nayo nyumbani au chekechea. Mtoto mmoja wa kiume, aliyetaja hadi thelathini bila kuvuta pumzi, alipoambiwa atoe vizibo sita alichota kwa viganja viwili, akavimwaga mbele yangu na kusema, "Sita hivyo." Nilimwomba avihesabu. Alivigusa kimoja kimoja huku mdomo ukikimbia kuliko kidole, akafika kumi na tatu ilhali vizibo vilikuwa tisa, kisha akainua uso na kusema tena kwa uhakika ule ule, "Sita." Kwa upande wa kadi, wengi walizitambua 1 na 2, na wachache walizitambua zote hadi 10.

Kutokana na hali hiyo tumekubaliana kwamba uandishi wa namba usubiri. Mtoto atashika penseli kwa ajili ya tarakimu fulani pale tu atakapoweza kutoa idadi ya tarakimu hiyo na kuichagua kadi yake kati ya nyingine. Mwalimu wa darasa alikuwa na hoja ya msingi: "Akija mthibiti ubora akakuta madaftari meupe mpaka Machi, nitamwonyesha nini?" Tumeamua kila mtoto awe na kadi ya maendeleo yenye safu tatu, yaani anatoa, anatambua na anaandika, ili kazi inayofanyika bila daftari nayo iwe na kumbukumbu yake.

Februari

Mwezi huu ulikuwa wa zana. Tulifikiria maharage na punje za mahindi, tukaviacha, kwa sababu mtoto wa miaka mitano huweza kuingiza kitu chochote kidogo puani au sikioni, na katika darasa lenye watoto wengi namna hii hakuna jicho la kumfuatilia kila mmoja. Buni, ambayo hapa Moshi ingepatikana bila shida, nayo ni ndogo mno. Vizibo vilishinda, kwa kuwa vinapatikana bure kwenye vioski na baa, havioti ukungu, na vina ukubwa unaotosha kushikwa na vidole vitatu, vidole vile vile vitakavyoshika penseli. Tulivichemsha kwa sabuni na kuvibamiza kidogo kwa nyundo ili meno ya pembeni yasikwaruze. Mbegu za parachichi zilizokaushwa tunazitumia kwa mazoezi ya kundi zima pale mbele, ambapo kitu hupaswa kuonekana kutoka nyuma ya chumba.

Vizibo vimetuletea mgeni mmoja. Bibi wa mtoto mmoja alifika asubuhi na mapema akiwa amefumbata kizibo cha bia alichokikuta mfukoni mwa kaptula ya mjukuu wake. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuuliza, huyu mtoto namleta shule au namleta baa?" Nilimkaribisha darasani akae nyuma. Mjukuu alipoitwa na kutoa vizibo vitano sawasawa, bibi aliuliza kama vya soda peke yake haviwezi kutosha. Ni ombi la haki. Vya bia tumevipaka rangi ya bluu pande zote mbili, na tangu hapo bibi huyo ametuletea mfuko mzima wa vizibo kutoka kwa jirani yake mwenye kioski.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi mwezi huu ni kauli ya kuhesabia. Mtoto anapohesabu husema moja, mbili, tatu, lakini nyumbani husikia watoto wawili, viti viwili, mayai mawili na mikate miwili, kisha sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hata kidogo. Kwetu watu wazima hilo si tatizo. Kwa mtoto aliyefikia hatua ya kuelewa mbili tu, haikuwa wazi kwamba mawili na viwili vinaishia kwenye kadi ile ile yenye 2. Kwa hiyo tumeweka utaratibu ambao walimu wote wawili wanaufuata: wakati wa kugusa ni "moja, mbili, tatu", na baada ya kugusa cha mwisho mtoto huzungusha mkono juu ya kundi lote na kutamka jibu kamili, "Vizibo vitatu." Siku hiyo hiyo kadi ya 3 huwekwa mbele ya vizibo vitatu, mawe matatu, miti mitatu iliyochorwa ubaoni na watoto watatu waliosimama. Kuzungusha mkono kunaonekana jambo dogo, lakini ndiko kunakomfanya mtoto atoke kwenye kutaja mfuatano na kuingia kwenye kutaja idadi.

Machi

Tumeanza kutambua tarakimu. Kila tarakimu ina kibao chake, kilichokatwa na seremala wa Majengo kutoka kwenye mabaki ya mbao, na umbo la namba limekatwa kutoka kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa kwa gundi, ili mtoto alipapase kwa kidole cha shahada na cha kati kwa mwelekeo ule ule atakaouandikia. Zana ya aina hii ilitumiwa na Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na haijapata mbadala mzuri zaidi. Kwetu msasa una faida nyingine: fundi huuza vipande vilivyochakaa kwa bei ya chini sana, na kwa kidole cha mtoto msasa uliochakaa kidogo ni bora kuliko mpya.

Ilitubidi tuamue umbo moja kwa kila tarakimu. Kwenye kalenda ya ukutani 4 imefungwa juu, kwenye ubao mwalimu huiacha wazi. Mwalimu msaidizi huikata 7 kwa mstari katikati, vitabu havifanyi hivyo. Katika maandishi mengine 1 ina kofia na kitako, katika mengine ni mstari mtupu. Mtu mzima haoni tofauti, lakini mtoto anayejifunza kwamba umbo fulani ndilo nne huanza kujiuliza kama hii nyingine nayo ni nne. Tumechagua 4 iliyo wazi, 7 isiyokatwa na 1 ya mstari mtupu, na fundi wa mabango aliyechora namba kwenye ukuta wa darasa alipewa mchoro wa kufuata.

Tuliwapeleka watoto kwa makundi kutafuta namba mtaani, kuanzia geti la shule hadi barabarani. Matokeo yalikuwa ya kufundisha kwetu sisi zaidi. Namba ndogo hazionekani mtaani! Sarafu zinaanzia 50, kisha 100, 200 na 500. Bei zote dukani ni mamia na maelfu. Na bodaboda zina namba kama MC ikifuatiwa na tarakimu tatu. Mtoto huiona 500 mara nyingi kabla hajaiona 5 ikiwa peke yake, na baadhi walipoonyeshwa kadi ya 5 walisema "mia tano" kwa furaha kabisa. Namba zilizotufaa zaidi zilikuwa kwenye jezi za wachezaji wa mpira, kwa sababu kuna wanaovaa tarakimu moja, na watoto huzijua kwa mioyo. Mwalimu ametengeneza kona ya hisabati yenye jezi za karatasi kuanzia 1 hadi 10.

Saa ya ukutani, ambayo mzazi mmoja alitupatia kwa nia njema, imehamishiwa ofisini. Uji hunywewa saa nne, na saa nne mshale mfupi uko kwenye 10. Mtoto anayejifunza kutambua tarakimu hapaswi kusikia "nne" huku kila mtu akitazama 10, na hilo lilikuwa likitokea kila siku, wakati ule hasa ambapo watoto wote wanaitazama saa. Itarudi watakapofika madarasa ya kufundishwa kusoma saa.

Aprili

Masika. Uwanja umekuwa tope, mahudhurio yamepungua, na kazi imebanwa ndani. Tumetumia muda huu kwa vibao vya nukta: mwalimu huonyesha kibao kwa muda mfupi sana, chini ya muda wa kuhesabu, na watoto huinua vidole kuonyesha idadi waliyoiona. Jicho la mtu hutambua vitu hadi vitatu au vinne bila kuvihesabu, na kuanzia hapo huhitaji kupanga: nukta sita zilizopangwa tatu tatu, kama kwenye dadu ya ludo, zinatambulika haraka kuliko sita zilizotawanyika. Watoto waliozoea kucheza ludo na kaka zao walijitenga na wenzao mara moja.

Mei

Uandishi umeanza kwa watoto waliofikia kigezo, ambao sasa ni zaidi ya nusu ya darasa. Hatufuati mpangilio wa 1 hadi 10. Tumezigawa tarakimu kulingana na mwendo wa mkono: kwanza 1, 4 na 7, ambazo ni mistari iliyonyooka, kisha 0, 6, 9 na 8, ambazo mkono huanza juu na kuzunguka kuelekea kushoto, mwisho 2, 3 na 5, ambazo zina tumbo na kona kwa pamoja. Tarakimu 6 na 9 hazifundishwi katika wiki moja, kwa kuwa zikikutana mapema mtoto huzishika kama kitu kimoja kilichogeuzwa. Mwalimu alitaka kujua kama kuvunja mfuatano kutawachanganya watoto katika kuhesabu. Hadi sasa sijaona dalili hiyo, maana mfuatano wanaufanya kila asubuhi kwa vizibo, na mkono unafuata ratiba yake.

Hatua za kuandika ni hizi: kulipapasa umbo la msasa, kuliandika hewani kwa mkono mzima, bega likishiriki, kuliandika kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga wa mtoni uliochekechwa, kuliandika ubaoni kwa brashi yenye maji, na hatimaye penseli kwenye daftari lenye miraba mikubwa. Maji ubaoni yamekuwa kipenzi cha wote. Mwalimu huandika tarakimu kwa chaki, mtoto huifuta kwa kuipitia na brashi yenye maji kuanzia kwenye nukta ya mwanzo, na akikosea mwendo chaki inabaki na kumwonyesha mwenyewe pale alipoacha. Hakuna haja ya kumwambia kitu.

Kila penseli tumeikata vipande viwili. Penseli fupi haina nafasi ya kushikwa kwa ngumi, hivyo vidole vitatu hujipanga vyenyewe, na darasa lenye upungufu wa penseli linapata mbili kwa bei ya moja. Kila tarakimu ina nukta ya kijani mahali pa kuanzia, na mwalimu huangalia mwendo wa mkono kwanza, halafu umbo, kwa sababu 8 inayotokana na maduara mawili yaliyobebana au 5 iliyoanzia chini inaweza kuonekana nzuri leo na kumchelewesha mtoto baadaye.

Sifuri imepewa nafasi yake. Kwenye ukuta kuna makopo kumi yaliyopangwa kwa mfuatano, yenye tarakimu 0 hadi 9, na kila asubuhi mtoto mmoja hujaza vijiti: hakuna hata kimoja katika kopo la kwanza, kimoja katika la pili, na kuendelea. Vijiti vimehesabiwa kuwa 45, idadi kamili ya makopo yote, kwa hiyo kijiti kikibaki mkononi au kikipungua mtoto anajua kuna kopo lenye hitilafu bila kusubiri mwalimu. Kopo la kwanza lilileta ubishi. Watoto kadhaa walitaka liwekewe angalau kimoja, "lisionewe". Baada ya siku chache walianza kulipindua na kulitikisa ili kuthibitisha kwamba halina kitu, na mwalimu akaona ni vyema kuacha tendo hilo liwe sehemu ya zoezi.

Juni

Mkutano wa wazazi kabla ya likizo. Hoja kubwa ilikuwa daftari. Baba mmoja, dereva wa bodaboda, alisimama na kusema kwa heshima, lakini bila kuzunguka: "Mwalimu, mtoto wa jirani yangu yuko chekechea ya kulipia, anaandika mpaka hamsini. Wa kwangu ana kurasa chache tu za moja na nne. Tunaelekea wapi?" Mwalimu wa darasa hakujibu kwa maneno. Alimwita mtoto wa baba huyo, akampa kadi ya 7 na rundo la vizibo, mtoto akahesabu saba, akabakiza rundo lingine pembeni, kisha akaandika 7 ubaoni kuanzia kwenye nukta. Baba alinyamaza kidogo, halafu akauliza swali lililotusaidia sote: afanye nini nyumbani wakati wa likizo?

Msimamo wangu kuhusu kurasa zilizojaa ni huu: mtoto anayenakili 2 kuanzia juu ya ukurasa hadi chini hujifunza kunakili, na mara nyingi ukitazama kwa makini utakuta 2 ya mstari wa mwisho ni mbaya kuliko ya mstari wa kwanza, kwa kuwa ameacha kutazama kielelezo na ananakili makosa yake mwenyewe ya mstari uliotangulia. Mara nne au tano kwa uangalifu, kisha aizungushie iliyo nzuri kuliko zote, inatosha. Kwa likizo tuliwaomba wazazi wasitoe kazi ya kuandika kabisa, bali wamtume mtoto: leta vikombe vinne, weka vijiko sita, nyanya hizi ziko ngapi. Yule baba aliamua kumsomesha tarakimu za namba ya pikipiki yake, moja moja, na nilimwambia ni zoezi zuri mradi asome tarakimu peke yake na aache mamia.

Julai

Baridi ya Moshi ni kali asubuhi, ukungu hautoki mapema, na vidole vya watoto ni vizito. Uandishi umehamishiwa baada ya uji. Hilo peke yake limeboresha maandishi kuliko mawaidha yoyote.

Likizo imerudi na wimbi la tarakimu zilizogeuzwa. 3 inatazama kulia, 7 inatazama kulia, 2 imekuwa kama S iliyokatwa. Mwalimu msaidizi aliingiwa na hofu kwamba baadhi ya watoto wana tatizo la kujifunza. Kugeuza maandishi katika umri wa miaka mitano ni jambo la kawaida na hupungua lenyewe mtoto anapozidi kuandika, mara nyingi kufikia miaka saba au minane. Zaidi ya hayo, halitokei ovyo. Mtafiti wa Ufaransa, Jean-Paul Fischer, ameonyesha kwamba watoto hugeuza zaidi tarakimu zinazoelekea kushoto, yaani 1, 2, 3, 7 na 9, kuliko zile zinazoelekea kulia kama 5 na 6. Herufi nyingi za alfabeti yetu zinaelekea kulia, na mtoto, bila kufundishwa na mtu, hukisia kwamba kila kinachoandikwa kinapaswa kuelekea huko. Tulipozikagua kazi za wiki nzima, orodha yetu ilikuwa karibu ile ile, 3 na 7 zikiongoza na 6 ikiwa karibu haina kosa. Kwa hiyo hatusahihishi kwa wino mwekundu. Tumeongeza mchezo mdogo: kwenye kila mraba wa 2, 3, 7 na 9 kuna mlango uliochorwa upande wa kushoto, na tarakimu lazima iutazame mlango.

Mtoto wa kike anayetumia mkono wa kushoto alikuwa akigeuza zaidi ya wenzake, na tulipomkalia pembeni tuliona sababu ya kawaida kabisa: kielelezo kiko mwanzoni mwa mstari, upande wa kushoto, na kiganja chake kinakifunika mara tu anapoanza kuandika. Sasa madaftari yote yana kielelezo mwanzoni na mwishoni mwa mstari, naye ameketishwa mwisho wa benchi upande wa kushoto ili viwiko visigongane na vya jirani. Mkono wake haubadilishwi.

Kundi jingine la makosa lilitushangaza zaidi, kwa kuwa halikufanana na kugeuza. Watoto kadhaa waliandika saba kama herufi V na walisoma kadi ya 0 kuwa tano. Wote wanasoma madrasa jioni. Tarakimu tunazotumia zilianzia India na kutufikia kupitia kwa Waarabu, lakini misahafu huhesabu aya kwa maumbo mengine ya asili hiyo hiyo, ambamo tano ni duara dogo, sifuri ni nukta, saba ni kama V, nane ni V iliyopinduliwa, na sita inafanana sana na 7 yetu. Watoto hawa hawakuwa wamekosea. Walikuwa wanajua mifumo miwili na hawakuwa wameambiwa kuwa ni miwili. Mwalimu wa darasa alikwenda kumwona ustadhi, wakatengeneza pamoja chati moja yenye maumbo yote kwa rangi mbili tofauti, nakala moja iko darasani na nyingine madrasa. Tatizo lilikwisha haraka kuliko tulivyotarajia, na watoto hao sasa huwafundisha wenzao tarakimu za madrasa kwa fahari.

Agosti

Mchezo wa njia. Tumechora kwa chaki kwenye sakafu ya baraza miraba kumi iliyopangwa mstari mmoja, 1 hadi 10, kutoka kushoto kwenda kulia. Watoto wawili hucheza kwa kurusha kizibo: kikianguka kifudifudi mtoto husogea hatua moja, kikianguka chali hatua mbili. Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008, huko Marekani, utafiti uliohusu mchezo wa namna hii kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo: vipindi vinne vya takribani dakika 15 ndani ya wiki mbili viliboresha kutambua tarakimu, kuhesabu, na kulinganisha ipi ni kubwa, na faida hiyo ilikuwepo hata wiki tisa baadaye. Wenzao waliocheza mchezo ule ule wenye rangi badala ya namba hawakuipata.

Siri iko kwenye kanuni moja ambayo watoto wakubwa wanaosaidia kusimamia huisahau. Mtoto aliye kwenye 4 akipata hatua mbili hapaswi kusema "moja, mbili". Anapaswa kusema "tano, sita", yaani kusoma mraba anaoukanyaga. Akisema "moja, mbili" mchezo unabaki kuwa wa kuruka tu. Tumewapa wasimamizi kauli ya kukumbushia: "Soma unapokanyaga." Kwa sababu mchezo hauhitaji kitu chochote zaidi ya chaki na kizibo, umesambaa hadi mitaani, na mama mmoja ametuambia mlango wake umechorwa mpaka 10 na kurudi.

Septemba

Namba 11 hadi 20. Kwa masikio, Kiswahili kinamrahisishia mtoto kazi hii, kwa sababu kumi na moja inajieleza yenyewe kuwa ni kumi na moja juu yake. Kwa mkono, urahisi huo huo unamponza: mtoto anayeandika anachosikia huandika 10, kisha 1, akapata 101. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika hivyo, na 14 ikawa 104.

Tulitengeneza kadi za kufunikana kutoka kwenye maboksi magumu. Kadi ya 10 ni ndefu, yenye nafasi mbili. Kadi za 1 hadi 9 ni fupi, zenye upana wa nafasi moja. Mtoto huweka 10, kisha huifunika sifuri kwa kadi ya 4, na hapo anaiona 14. Akiinua kadi fupi, kumi iko pale pale chini yake. Sambamba na hilo, vijiti kumi hufungwa kwa mpira kuwa fungu moja, na vinne hubaki huru. Mtoto mmoja aliinua na kushusha kadi ya 4 mara nyingi, akichungulia chini yake kila mara, kisha akamwambia mwenzake, "Kumi haijaondoka, imejificha." Mwalimu ameichukua kauli hiyo na kuitumia kwa darasa zima, na 104 zimepungua sana, ingawa hazijaisha. Ishirini imefundishwa kwa mafungu mawili na kadi ya 20, bila kuvuka hapo, kwa kuwa thelathini na zinazofuata hazijielezi kwa masikio na ni kazi ya darasa la kwanza.

Novemba

Upimaji wa mwisho umefanyika chini ya mwarobaini ule ule, kwa kazi zile zile tatu na moja ya nyongeza, kuandika namba inayotajwa bila kielelezo. Idadi kubwa ya watoto wanatoa vitu hadi kumi bila kukosea na wanatambua kadi zote 0 hadi 10. Hadi 20 hali ni nzuri, lakini 12 na 20 bado zinabadilishana. Katika uandishi, 1, 4, 6 na 0 zimeimarika kwa karibu wote. 8 inaandikwa kwa maduara mawili na baadhi yao. 3 na 7 bado zinageuzwa na sehemu ya darasa, wengi wao wakijirekebisha wenyewe wakiulizwa mlango uko wapi. 5 ndiyo dhaifu kuliko zote, na sababu naiona kwenye kofia yake: watoto huinua penseli, huisahau, kisha huibandika mahali popote palipo wazi. Mwaka ujao kofia itafundishwa iandikwe kwanza, ingawa mwalimu wa darasa hakubaliani nami na anaona iandikwe mwisho kama ilivyo vitabuni. Tutawajaribu kwa makundi mawili.

Kadi za maendeleo zimekabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza, zikionyesha kwa kila mtoto tarakimu anazogeuza na mkono anaoutumia. Wapo watoto wachache, wengi wao wakiwa wale ambao mahudhurio yao yalikatika wakati wa masika, ambao bado wakiambiwa watoe sita huchota tu. Hao tumeomba wasianzishwe kwenye kujumlisha pamoja na wenzao hata kama wanaandika vizuri, na mwalimu amekubali kuwapa kipindi kifupi cha vizibo kila siku kabla ya uji hadi mwisho wa Machi, mwalimu msaidizi akikisimamia. Seremala ameagizwa vibao vipya vya 3, 5 na 7, ambavyo msasa wake umekwisha kwa kupapaswa.